Mita Moja na Nusu: Hesabu ya Baiskeli na Gari Katika Leni Moja

Chukua futi kamba ukapime leni moja ya barabara ya mjini. Nyingi zina upana wa kati ya mita 3 na mita 3.5. Gari dogo, ukihesabu na vioo vyake vya pembeni, hula karibu mita 2. Usukani wa baiskeli una sentimita 60 hadi 70, na mwendeshaji anahitaji angalau nusu mita kutoka ukingoni ili asipite juu ya mchanga, vipande vya chupa na vifuniko vya mitaro. Sasa jumlisha: nusu mita ya ukingoni, sentimita 65 za baiskeli, mita 1.5 za nafasi kati ya baiskeli na gari, mita 2 za gari lenyewe. Unapata mita 4.65. Leni uliyopima ina mita 3 na kidogo.

Ugomvi mwingi wa asubuhi na jioni kati ya madereva na waendesha baiskeli unaanzia kwenye hesabu hiyo ambayo hakuna anayeipiga. Gari haliwezi kuipita baiskeli kwa usalama ndani ya leni moja ya kawaida, hata mwenye baiskeli ajibane vipi. Anayejibana ukingoni ili magari yapite hajaongeza nafasi yoyote. Amemtia tu dereva tamaa ya kupenya mahali pasipopenyeka. Kwa hiyo dereva anayetaka kupita ni lazima aingie leni ya pili, sawasawa na anavyofanya akiwa nyuma ya trekta. Kama leni ya pili haina nafasi, basi nafasi ya kupita haipo, na yanayobaki ni kungoja.

Hiyo mita 1.5 haikuokotwa. Uingereza iliiweka katika kanuni zake za barabarani zilizorekebishwa Januari 2022, kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48. Ukienda kasi zaidi unatakiwa kuongeza. Ujerumani tangu 2020 inadai mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa inataka mita 1 mjini na 1.5 nje. Sababu ni moja kote: baiskeli haiendi kwenye mstari ulionyooka. Ili isianguke, mwendeshaji huirekebisha muda wote, kidogo kulia, kidogo kushoto. Akipanda mlima au akienda polepole anayumba zaidi. Akikutana na shimo ghafla, anaweza kuhama nusu mita kabla hajafikiri. Lori refu nalo, likipita kwa kasi, humsukuma kwa upepo wa mbele kisha humvuta kuelekea kwenye magurudumu yake ya nyuma. Ukiondoa hayo yote kutoka kwenye mita 1.5, kinachobaki si kingi.

(Maelezo yaliyo hapa chini yanafuata utaratibu wa nchi ambako magari hukaa kushoto. Uliye katika nchi ya kulia, geuza pande.)

Mahali pa kukaa barabarani

Mwendesha baiskeli ana nafasi mbili za kuchagua, na kosa la wengi ni kuijua moja tu. Ya kwanza ni ya pembeni: kati ya nusu mita na mita moja kutoka ukingoni. Hii inafaa pale barabara ilipo pana, inaonekana mbali, na magari yanaweza kukupita bila mtu kubanwa. Ya pili ni katikati ya leni, palepale ambapo dereva wa gari angekaa na gari lake. Nafasi hii ni ya mahali ambapo kupitwa ni hatari: leni nyembamba, daraja, kona isiyoonyesha mbele, mteremko unaokupeleka kilomita 35 au 40 kwa saa, mzunguko, na mita 30 hivi kabla ya kila makutano.

Madereva wengi hudhani anayekaa katikati anawakomoa. La. Anawaambia mapema kwamba hapa hakupitiki, wakati bado wana muda wa kupunguza mwendo. Aliye ukingoni humwachia dereva uamuzi huo mpaka sekunde ya mwisho, na uamuzi wa sekunde ya mwisho ndio unaoishia kwenye kioo cha pembeni kugonga kiwiko.

Kuhama kutoka pembeni hadi katikati kuna utaratibu wake. Geuza shingo utazame nyuma juu ya bega la kulia. Nyoosha mkono wa kulia. Tazama tena. Ukiona gari la nyuma limepunguza, hamia. Ukiona halijapunguza, baki ulipo ujaribu baada yake. Kitu kinachowashinda wengi ni ile shingo: wakitazama nyuma, mikono inafuata na baiskeli inakwenda kulia. Dawa yake ni mazoezi kwenye uwanja mtupu. Fuata mstari uliochorwa chini, legeza viwiko, geuza kichwa peke yake bila kifua, hadi uweze kutazama nyuma kwa sekunde nzima bila kuuacha mstari. Asiyeweza hilo asiingie barabara yenye magari mengi, hata awe na miguu ya chuma.

Jambo jingine ni kunyooka. Ukikuta magari yameegeshwa mawili hapa, matatu kule, usiingie kwenye kila upenyo na kutoka tena. Kila unapotoka unamtokea mtu aliyekwisha kukusahau. Shika mstari mmoja mita moja nje ya magari hayo, uende nao.

Mita hiyo moja ni upana wa mlango. Mlango wa gari ukifunguka wote hutoka karibu mita nzima, na mwenye baiskeli anayekwenda kilomita 20 kwa saa anahitaji kama mita 10 kusimama, nusu yake zikiliwa na ile sekunde ya kushtuka. Mlango ukifunguliwa mita 4 mbele yake, hana breki itakayomwokoa. Aliye ndani ya gari ana mbinu inayotumika sana Uholanzi na ambayo kanuni za Uingereza nazo zinaipendekeza tangu 2022: fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Dereva anayekaa kulia afungue kwa mkono wa kushoto. Bega linageuka lenyewe, macho yanapita kwenye kioo kisha nyuma, na mlango hauwezi kuruka wote kwa mara moja. Abiria wa nyuma wafundishwe pia; wao ndio hawana kioo.

Sekunde ishirini na mbili

Lawama kubwa ya madereva ni kucheleweshwa. Tuipime. Umekwama nyuma ya baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa, kwa mita 200, kabla hujapata nafasi. Mita hizo zinakuchukua sekunde 36. Kwa kilomita 50 kwa saa ungezimaliza kwa sekunde 14 na nukta. Umepoteza sekunde 22. Mbele yako kuna taa nyekundu au foleni, na hizo sekunde ungezitumia kusimama hapo ukitazama namba ya gari la mbele.

Upande wa pili wa hesabu ni mzito zaidi. Kwa kilomita 50 kwa saa, dereva anayechukua sekunde moja na nusu kushtuka na kukanyaga breki amekwisha kwenda karibu mita 21 kabla gari halijaanza kupunguza. Kwenye lami kavu huongeza mita 14 hivi hadi kusimama. Jumla 35. Kwa kilomita 30, hesabu hiyohiyo inatoa mita 17 au 18, nusu yake. Mvua ikinyesha, sehemu ya breki inarefuka. Na nguvu ya kugonga haipandi sawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne.

Kwa hiyo ukitaka kupita, fanya hivi. Kaa nyuma kwa umbali wa sekunde mbili au zaidi, usimnuse. Hakikisha unaona mbele ya kutosha kumpita na kurudi. Washa indiketa, ingia leni ya pili yote, usipande nusu nusu juu ya mstari. Usirudi kushoto hadi umwone mzima kwenye kioo cha ndani; wengi hurudi mapema kwa sababu wanadhani baiskeli imesimama, kumbe imesogea nao. Honi iache. Mwenye baiskeli anakusikia injini tangu zamani, na honi ya ghafla mgongoni humfanya mtu ashtuke na kuyumba, mara nyingi kuelekea upande anaogeuzia kichwa, yaani upande wako.

Wenye tela wakumbuke kwamba tela huja nyuma na upana wake. Ni kawaida kuona kichwa kikimpita mtu vizuri, halafu tela linamfunga kwa sababu dereva alikwisha kurudi kushoto.

Makutano

Mjini, hatari kubwa kwa mwenye baiskeli iko kwenye makutano kuliko kwenye barabara iliyonyooka, na inajirudia kwa sura tatu au nne.

Ya kwanza: gari linaipita baiskeli kisha linakata kushoto mbele yake. Dereva hana nia mbaya. Amepiga hesabu kana kwamba baiskeli inatembea kwa miguu. Kipimo chake ni rahisi. Kama utaanza kukanyaga breki kwa ajili ya kona kabla hujamaliza kumpita, usimpite. Kaa nyuma yake, mwache avuke mdomo wa kona, kisha ukate. Kwa upande wa baiskeli, kinga ni kukaa katikati ya leni kabla ya kona, maana gari haliwezi kukukata kutoka nyuma yako.

Ya pili: gari linalokuja kutoka mbele linakata kulia mbele ya baiskeli. Kitu chembamba kinachokujia moja kwa moja hakikui haraka machoni, na ubongo hukisoma kama kitu kilicho mbali au kinachokwenda polepole. Mwenye baiskeli anayeona gurudumu la mbele la gari hilo limeanza kugeuka apunguze papo hapo. Tazama gurudumu kuliko uso wa dereva: mtu anaweza kukutazama machoni na asikuone, lakini gurudumu halianzi kuzunguka bila gari kusogea.

Ya tatu ni ya gari linalotoka barabara ndogo, na hapa kuna jambo ambalo hata madereva wazoefu hawalijui. Ile nguzo inayoshika kioo cha mbele, upande huu na huu, inaweza kuficha baiskeli nzima na mtu wake. Ikiwa gari na baiskeli vinakaribia makutano kwa mwendo usiobadilika, baiskeli inaweza kubaki nyuma ya nguzo ileile hadi mgongano. Tena jicho linaporuka kutoka kulia kwenda kushoto, ubongo hauchukui picha katikati ya mruko. Unajaza pengo kwa kile unachotegemea kuwapo. Ndiyo maana dereva huapa kwamba alitazama. Alitazama kweli. Dawa ni kutazama kila upande mara mbili, kusimamisha macho mahali kadhaa badala ya kufagia, na kusogeza kiwiliwili mbele na nyuma ili uone kilichojificha nyuma ya nguzo. Mwenye baiskeli naye akisogea nusu mita kuelekea katikati anapokaribia kona kama hiyo, anatoka nyuma ya nguzo, na kile kitendo cha kuhama humvuta dereva jicho.

Ya nne ni lori, nayo inastahili muda. Lori lenye tela likitaka kukata kushoto kwenye kona nyembamba, halianzi kwa kwenda kushoto. Dereva hulipeleka kulia kwanza ili apate nafasi, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati ya mbele. Hukata kona kwa ndani. Wakati huo kushoto mwa lori kunafunguka uwazi mkubwa, mtupu, unaoonekana kama umewekewa baiskeli. Mwenye baiskeli akiingia, lori linageuka, na ule uwazi unajifunga kuanzia nyuma kwenda mbele. Dereva hamwoni: yuko chini ya dirisha la abiria, na kichwa cha lori kikishageuka, kioo cha kushoto kinaonyesha ubavu wa tela tu. Mbele ya kichwa pia, mtu aliyesimama karibu kabisa na bampa anaweza asionekane. Tatizo hili ni kubwa kiasi kwamba London huyapima malori yenye uzito unaozidi tani 12 kwa nyota, sifuri hadi tano, kwa kuangalia dereva anaona kiasi gani kwa macho yake bila vioo. Sheria hiyo ilianza kusimamiwa 2021 na ikakazwa Oktoba 2024.

Kanuni kwa mwenye baiskeli haina vifungu: usipite kushoto mwa lori au basi lililosimama kwenye makutano, hata indiketa isiwake, hata kukiwa na njia ya baiskeli iliyochorwa chini. Kaa nyuma. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, yeye hakuoni. Na hata ukiuona, hiyo ni nusu tu ya habari, kwani huenda anatazama kwingine. Basi likiwa kituoni, ama lisubiri liondoke, ama lipite kwa kulia baada ya kutazama nyuma. Kati ya basi na ukingo ni mahali pa abiria kushukia.

Kukata kulia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia leni ya kulia mapema na kukata kama gari. Inahitaji mwendo na shingo iliyofundishwa. Ya pili ni ya hatua mbili: vuka moja kwa moja hadi upande wa pili wa makutano, simama kona ya mbali, elekeza baiskeli upya, ngoja taa ya upande ule. Denmark, ambako magari hukaa kulia, waendesha baiskeli wanaokata kushoto wanalazimishwa na sheria kutumia njia hii ya hatua mbili. Inakula dakika moja. Barabara ikiwa na leni tatu za magari yanayokimbia, sioni sababu ya mtu kuionea aibu.

Foleni ikisimama, baiskeli inapenya, na hapo wa baiskeli ndiye mwenye deni la uangalifu. Pita kulia mwa foleni ikiwezekana, upande wa dereva, mwendo usiozidi kilomita 15. Chunga upenyo kati ya magari mawili. Upenyo maana yake kuna dereva mwema aliyesimama kumpisha mwingine avuke, na anayevuka hajui kama upo. Na foleni ikianza kutembea ukiwa bado ubavuni, usikimbizane nayo. Ingia nyuma ya gari lililo karibu, kwa ishara, bila kuchomekea.

Taa, breki, mvua

Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na taa ya mbele ielekezwe chini kidogo iangaze lami mita 5 hadi 10 mbele badala ya macho ya watu. Taa inayomweka huonekana haraka lakini ni vigumu kukadiria umbali wake. Ukiwa na mbili nyuma, moja imweke, nyingine iwake tu. Nguo za rangi kali za kijani-njano husaidia mchana, kwa kuwa zinahitaji mwanga wa jua. Usiku hazina kazi. Kinachotakiwa ni vitambaa vya kuakisi. Viweke kwenye vifundo vya miguu kabla ya kifua. Kitu kinachopanda na kushuka hutambulika mara moja kuwa ni mtu anayekanyaga pedali.

Breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa, kwa sababu unapopunguza mwendo uzito mwingi unahamia mbele. Wanaoiogopa na kutumia ya nyuma peke yake hurefusha safari ya kusimama maradufu au zaidi, na gurudumu la nyuma linaserereka. Tumia zote mbili, sukuma makalio nyuma, nyoosha mikono. Kila wiki bana mikono ya breki: ikigusa usukani, waya umelegea au raba zimekwisha. Raba ambayo mifereji yake imefutika, badilisha. Waya uliochanika nyuzi karibu na mkono wa breki usisubiri wiki ijayo. Kabla ya kusimama kwenye taa shusha gia. Anayeanza na gia nzito huyumba mita tano za kwanza, palepale magari yanapoanza kuondoka naye.

Breki za rimu, yaani zile ambazo raba zake hubana ukingo wa gurudumu, zikilowa hazishiki mara moja. Raba hufuta maji kwanza, gurudumu linazunguka mara kadhaa, ndipo zinapouma, na pengine kwa ghafla. Kwa hiyo mvua ikinyesha gusagusa breki mapema. Michoro ya rangi barabarani, vifuniko vya chuma na reli huteleza kama sabuni. Juu ya vitu hivyo usikate kona na usibane breki, pita umenyooka. Reli ivukwe kwa pembe iliyo karibu na mraba, la sivyo tairi huingia kwenye mfereji wake na usukani haugeuki tena. Madereva nao, kwenye mvua, nafasi ya mita 1.5 iongezwe: maji yanayorushwa na tairi yanaweza kumpofusha mtu kwa sekunde kadhaa.

Ukigongwa au ukianguka, usipande na kuondoka kwa kuwa tu unajisikia mzima. Toka barabarani kwanza. Kisha inua gurudumu la mbele ulizungushe: likigusa raba limepinda. Simama mbele ya baiskeli, bana tairi kati ya magoti, uone kama usukani bado uko mraba nalo. Pitisha kidole chini ya uma wa mbele na pale mabomba ya fremu yanapokutana. Rangi iliyopasuka au kujikunja ni dalili kwamba chuma kimesogea. Bana breki zote mbili kwa nguvu. Kofia iliyogonga lami ibadilishwe hata kama haina ufa, kwani povu lake la ndani hubanwa mara moja tu na halirudi.